Maswali na majibu: chembe nano zinazogeuza infraredi kuwa mwanga wa kijani

Inawezekanaje mwanga utoke ukiwa na nguvu kuliko ulioingia?

Fotoni (punje za mwanga) mbili hulipia moja. Chembe hizi ni fuwele za floridi ya sodiamu na itriamu zilizotiwa iterbiamu na erbiamu. Ayoni ya iterbiamu hunyonya infraredi ya nanomita 980 na kuikabidhi nishati hiyo kwa erbiamu iliyo jirani. Erbiamu ikishapokea mara mbili, hutoa kijani cha karibu 540 au nyekundu ya karibu 655. Ukitumia thuliamu badala yake, utapata buluu ya 475 na infraredi ya 800.

Naomba vipimo vya kutengenezea.

Chukua kloridi za itriamu, iterbiamu na erbiamu kwa uwiano wa 78:20:2, jumla milimoli 1. Zitie kwenye chupa ya shingo tatu pamoja na mililita 6 za asidi ya oleiki na 15 za oktadesini. Pasha hadi 160 °C chini ya argoni kwa nusu saa, mpaka mchanganyiko uwe angavu, kisha uache upoe hadi 50 °C.

Ongeza taratibu mililita 10 za methanoli iliyoyeyusha milimoli 2.5 za hidroksidi ya sodiamu na 4 za floridi ya amonia. Koroga dakika 30. Fukuza methanoli kwa 70 °C, malizia kwa ombwe kwenye 100 °C. Hatua hii usiiruke: methanoli iliyobaki huchemka ghafla na kurusha mafuta ya moto. Ndipo upandishe hadi 300 °C chini ya argoni, kwa saa moja hadi moja na nusu. Ikipoa, tenga chembe kwa ethanoli na sentrifuji, osha, hifadhi kwenye kiyeyushi cha saikloheksani.

Tafadhali: floridi ikikutana na asidi huzaa asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hadi mfupani. Fanya kazi ndani ya kabati la kunyonya mvuke, vaa glavu, na jeli ya glukonati ya kalsiamu iwe karibu.

Zangu zinang'aa hafifu. Ninunue leza kubwa?

Usinunue bado. Pima fuwele kwa eksirei kwanza. Joto lisipofika, au muda ukiwa mfupi, fuwele hubaki za mchemraba, ambazo hung'aa hafifu sana kuliko za pembesita. Hakikisha kipimajoto kimezama kwenye kimiminika chenyewe.

Kama fuwele ni sahihi, tatizo liko kwenye uso wa chembe, ambako mitikisiko ya molekuli za maji hunyang'anya nishati. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2010 viliipa chembe ya nanomita 100 ufanisi wa kugeuza mwanga wa 0.3%, ya nanomita 10 ikabaki na 0.005% tu. Dawa yake ni gamba la floridi ya sodiamu na itriamu lisilo na iterbiamu wala erbiamu, unene wa nanomita chache.

Zikiingia majini zinagandamana.

Zimevaa asidi ya oleiki, yaani mafuta. Ivue kwa maji yenye asidi ya hidrokloriki, pH 4, kwa saa mbili, kisha zivishe polima inayopenda maji. Epuka bafa (kimiminika cha kutuliza pH) ya fosfeti: fosfeti huzishambulia lanthanidi, yaani metali kama iterbiamu na erbiamu, zilizo usoni.

Kwenye tiba zimefika wapi?

Vipande vya karatasi vya kupimia magonjwa ndiko tunakoona matumaini ya karibu, kwa sababu vikimulikwa kwa infraredi ya nanomita 980 karatasi na damu having'ai vyenyewe, kwa hiyo ishara husomeka safi. Kuua saratani kwa mwanga kunahitaji dawa inayonyonya rangi ileile ya chembe: merosianini 540 kwa kijani, fthalosianini ya zinki kwa nyekundu. Mwaka 2018 chembe za thuliamu zilitumika kuamsha neva ndani ya ubongo wa panya kwa leza iliyo nje ya fuvu.

Maji hunyonya 980 na tishu huungua, hivyo wengi huongeza neodimiamu na kumulika kwa 808. Kizuizi kikubwa kwa binadamu ni kwamba chembe hukaa muda mrefu kwenye ini na wengu.