Skonzi zangu haziumuki! Maswali yenu ya skonzi za mdalasini

Haya, maswali ya skonzi za mdalasini na iliki yamekuwa mengi, yanayofanana nimeyaunganisha. Ili tusichanganyane, kote naongelea kipimo hiki: unga wa ngano gramu 500, maziwa ml 240, yai moja, sukari gramu 70, siagi gramu 60, hamira ya unga (ile ya haraka) gramu 7, chumvi gramu 7 na iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai. Unapata skonzi 12 za saizi ya kawaida.

Dada, hamira nimenunua mpya kabisa, maziwa nachemsha kabisa ndo namimina, lakini unga unakaa masaa mawili haujasogea. Hamira ni feki?

Hamira haina kosa mdogo wangu, umeiua. Hamira ni kitu hai, ikikutana na joto la nyuzi 60 hivi imekufa na hakuna cha kuirudisha, sasa maziwa yaliyotoka kuchemka unategemea nini? Kuchemsha chemsha tu, hata inasaidia unga ulainike, ila baada ya hapo yaache yapoe mpaka ukidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono hulisikii moto wala baridi, hapo ni kama nyuzi 35 hadi 40. Na ukiwa na wasiwasi bora yawe ya baridi kuliko ya moto, kwa sababu baridi inaichelewesha tu. Siagi ya kuyeyusha nayo ni hivyohivyo, watu wanapoza maziwa vizuri halafu wanamwagia siagi inayotoa moshi.

Kama huiamini hamira yako, ijaribu kabla hujapoteza unga: maziwa vuguvugu kidogo, sukari kijiko kimoja cha chai, hamira, funika dakika 10. Ikifanya povu zito juu inafaa, ikilala chini kama mchanga tupa. Ile ya chenga lazima uiloweke hivi kila siku, hii ya unga unaweza kuichanganya moja kwa moja na unga mkavu.

Napenda harufu ya mdalasini kwa hiyo natia vijiko vitatu vikubwa kwenye unga wenyewe, pamoja na karafuu. Zinanukia balaa ila zinakuwa fupi na nzito.

Hili swali nimelifurahia kwa sababu wengi hawajui. Mdalasini una mafuta yake yanayozuia fangasi kuota, na hamira ni fangasi, sasa wewe umeitia hamira kazini halafu umeweka na mtu wa kuikaba shingo. Karafuu nayo ina tabia hiyohiyo. Ndo maana mdalasini kwa kawaida unakaa kwenye ile ya kujazia ndani, unapakwa wakati hamira imeshafanya kazi yake kubwa. Kwenye unga weka iliki, hiyo haina ugomvi sana na hamira. Ukiona lazima mdalasini uingie kwenye unga, nusu kijiko cha chai inatosha na uwe tayari kusubiri zaidi.

Ya kujazia mimi natumia siagi laini gramu 80, sukari ya kahawia gramu 100, mdalasini vijiko viwili vya chakula na chumvi chembe. Hiyo chumvi usiiache jamani.

Halafu harufu haiji kwa wingi, inakuja kwa viungo kuwa vipya. Pasua ganda la iliki uangalie punje: zikiwa nyeusi, zimeshikana na zinanata kidogo kwenye kidole hiyo ni nzuri, zikiwa za kijivu zimekauka zinacheza ndani ya ganda, hata utie kikombe hutasikia kitu. Saga mwenyewe, tena siku hiyohiyo. Kungumanga nayo ni hivyohivyo, usinunue iliyosagwa.

Unga unanata mikononi mpaka nakereka, naongeza unga mkavu, naongeza, mwisho skonzi zinakuwa mawe.

Umejijibu mwenyewe mama. Unga wa skonzi una maziwa, yai na siagi, lazima unate mwanzoni. Changanya vitu vyote isipokuwa siagi, mpaka usione unga mkavu, halafu funika uende zako dakika 20, yaani usifanye chochote. Ukirudi utakuta umeshajishika wenyewe. Ndo uanze kukanda, dakika tano hivi, kisha siagi uiingize kidogokidogo, hapa utavurugika na kuteleza utafikiri umeharibu, usiogope, endelea dakika nyingine nane au kumi utaona umeanza kung'aa na kuacha bakuli. Ukitaka uhakika kata kipande, kivute taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili mpaka kiwe chembamba. Kikifika hatua unaona mwanga ukipita bila kuchanika, acha kukanda. Kikichanika mapema bado. Mikono ikinata sana paka mafuta, siyo unga.

Niumue kwa muda gani hasa? Kila mtu anasema lake.

Kwa sababu kila jiko lina joto lake. Mara ya kwanza mpaka uwe mara mbili ya ulivyokuwa, pengine saa moja pengine mbili na nusu. Mara ya pili, zikiwa kwenye trei, bonyeza moja kwa kidole: shimo likirudi haraka bado, likirudi polepole na kubaki alama kidogo oka, lisiporudi kabisa umechelewa, ziingize kwenye oveni sasa hivi kabla hazijabonyea. Mimi saa naiangalia ya kuokea tu, ya kuumua naangalia unga.

Naweza kukanda usiku nioke asubuhi?

Ndiyo, na zinakuwa tamu zaidi. Zikishakatwa na kupangwa kwenye trei funika vizuri uziweke kwenye friji, asubuhi zitoe zikae nje kama saa moja zivimbe ndo uoke.

Sukari inavujia chini inaungua, trei nasugua mpaka machozi.

Siagi yako uliiyeyusha. Tumia iliyolainika tu, inayopakika, ichanganye na sukari na mdalasini iwe kama uji mzito na uongeze unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula, huo ndo unashikilia ile sukari ikiyeyuka. Acha ukingo mmoja bila kupaka, upana wa kidole, uloweshe maji kidogo, ukishakunja ubane hapo ushikane. Na kukata usitumie kisu butu kinachobonyeza kila kitu kitoke, chukua uzi safi, upitishe chini ya gogo la unga, uvuke ncha zake juu uvute. Inakata kama siyo yeye.

Kwa nini katikati inachomoza juu kama pembe?

Umekunja kwa kubana mno, unga ukivimba hauna pa kwenda isipokuwa juu. Kunja kwa kulegeza, na ule mkia wa mwisho uchomeke chini ya skonzi.

Sili mayai, nifanyeje?

Ongeza maziwa ml 45. Basi.

Mimi sina oveni.

Sufuria zito lenye mfuniko unaobana linafanya kazi. Liweke kisahani cha chuma au kigae kidogo chini, pasha moto mdogo dakika 10, kisha tia trei yako ndogo juu ya hicho kisahani, isiguse chini moja kwa moja. Funika mfuniko kwa kitambaa ili mvuke usidondokee skonzi, pembe za kitambaa zikunje juu zisiguse moto tafadhali. Moto mdogo, dakika 35 hivi, usifunuefunue. Ukweli ni kwamba juu hazitakuwa za kahawia kama za oveni. Wenye oveni ni nyuzi 180, dakika 22 mpaka 25, na kama una kipimajoto cha jikoni ndani ya skonzi isome nyuzi 88 hadi 93.

Zikitoka ni laini, kesho yake zimekauka hata nikiziweka kwenye friji.

Hiyo friji ndo inazikausha! Mkate wowote kwenye friji unakuwa mkavu na mgumu haraka kuliko ukikaa nje. Za kula leo na kesho zifunike vizuri nje, zinazobaki gandisha kwenye friza siku hiyohiyo, na ukitaka kula funika na kitambaa chenye unyevu upashe kwenye mikrowevu sekunde 20 au 30.

Kuna na mbinu nyingine nzuri sana, kabla hujakanda toa gramu 25 kwenye ule unga wako, koroga na ml 125 za yale maziwa, pika moto mdogo ukikoroga mpaka iwe uji mzito unaoacha mstari wa kijiko, poza kabisa, halafu utie na vingine. Unga uliopikwa hivyo unashika maji mengi na skonzi zinabaki laini siku ya pili na ya tatu.

Aisingi yangu, ile sukari ya kupaka juu, inayeyuka yote inaisha chini.

Unapaka zikiwa za moto sana. Subiri robo saa. Au paka mara mbili, kidogo zikiwa moto iingie ndani, nyingine nzito zikiwa vuguvugu: sukari ya unga gramu 120, maziwa vijiko viwili vya chakula, na ukipenda iliki kiduchu.