Nyuzi za kaboni zinang'oka kwenye bushi: nizichemshe kwenye asidi?

SWALI: Mimi ni fundi wa mashine za kusaga mahindi hapa Jinja. Natengeneza bushi (pete ambamo shafti huzunguka) za resini ya poliesta iliyochanganywa na vipande vya nyuzi za kaboni, lakini zinalika upesi na kuacha unga mweusi kwenye shafti. Nimesoma kwamba nyuzi huchemshwa kwanza kwenye asidi ya nitriki. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, fundi, ila usianzie huko. Uso wa uzi wa kaboni ni laini, resini haipati pa kujishikiza. Asidi huukwaruza kidogo na kuuachia oksijeni, na hapo ndipo resini hushika. Mshiko ukiwa hafifu, shafti huung'oa uzi, kisha vipande vyake vigumu hubaki katikati vikisaga bushi na shafti pia.

Hakikisha kwanza. Omba hadubini katika maabara ya sekondari, utazame uso uliolika. Ukiona vijifereji vitupu vyenye urefu wa vipande vyako, nyuzi zimeng'oka. Zikiwa bado zimelala mahali pake, zimelika sawia na resini, kagua mzigo, joto na nafasi iliyopo kati ya shafti na bushi.

Mimi naishuku resini. Nyuzi nyingi hupakwa utando mwembamba kiwandani, kama asilimia 1 ya uzito, na mara nyingi utando huo umelengwa epoksi, aina nyingine ya resini. Poliesta haishikani nao vizuri. Epoksi ni ghali, najua, lakini mwaga bushi moja tu ya majaribio.

Isipofaa, unguza utando huo kwa joto badala ya kutumia asidi: tanuru lenye kipimajoto, sentigredi 400 hadi 450, hewa ikipita, nusu saa hivi. Pima uzito kabla na baada. Ukipungua kwa zaidi ya utando, uzi wenyewe umeanza kuungua, na uzi dhaifu hukatika hata ukishikwa barabara. Asidi ikizidi muda huleta hasara hiyohiyo. Tena mvuke wake wa kahawia huweza kukuumiza mapafu saa kadhaa baada ya kuuvuta, na karakana nyingi hazina chemba ya kuufyonza.

Bushi hizo zikae mbali na njia ya unga. Hakuna anayetaka posho yenye kaboni. Ukikata nyuzi kavu vaa barakoa, na fanya kazi hiyo mbali na mota, kwa sababu vumbi lake hupitisha umeme.