Kiindonesia hakina irabu tano, mkuu. Usiende hivyo

Mkuu, simama hapo hapo. Unaenda Malang mwezi ujao, unasema Kiindonesia "kinasomwa kama Kiswahili, irabu zile zile tano", halafu unauliza habari za c, ng na bei za vyumba. Aliyekwambia irabu ni tano ndiye aliyenidanganya mimi, au pacha wake. Wangu nilimlipa laki na nusu kwa masomo ya mtandaoni!

Ni sita. Herufi e ina sauti mbili. Ya kwanza ni e ya "embe", wao wanaiita taling. Ya pili, pepet, sisi hatuna: mtu kama ameanza kuguna akaghairi. Tahajia ya 1901 iliitofautisha ile ya embe kwa alama juu, 1947 wakaifuta. Asanteni sana.

Sasa sikia. Malang ni mji wa matufaha. Tufaha ni apel, kwa pepet. Miezi mitatu sokoni nilitamka kwa e ya embe, wauzaji wananipimia na kutabasamu. Nikajiona nimeiva. Nikapata mafunzo kazini kwenye ghala moja, posho juu. Ijumaa msimamizi akatangaza: "Senin apel jam tujuh." Kwa e ya embe kabisa! Nikaelewa Jumatatu saa moja asubuhi kuna matufaha. Mimi na matunda asubuhi hatuelewani, nikaingia saa tatu, tena kiungwana, na kilo tano zangu za kuongezea.

Kumbe apel ya taling ni kupanga mstari na kuhesabiwa. Siku hiyo mkubwa alikuwa ametoka Jakarta. Jina langu liliitwa mara tatu. Nafasi ikaenda, posho ikaenda. Matufaha waliyala.

Kwa hiyo: neno lolote lenye e lisiingie mdomoni kabla hujaliandika daftarini na alama yake, é ya embe au ê ya pepet. Kamusi yao KBBI inaonyesha. Teras kwa pepet ni kiini cha mti, kwa taling ni baraza. Neno lolote, narudia, hata unaloliona jepesi. Hasa hilo.

C ni ch yetu, basi. Ng ni ya ng'ombe, ngg ni ya ngoma, hapo tumezaliwa nayo.

Haya, bila kufungua kamusi: enam ni sita, enak ni tamu. E ipi iko wapi? Jibu hapa hapa kabla hujakata tiketi.