Nimekubaliwa vyuo viwili vya udaktari, na nyumbani wameshanichagulia

*Shangazi, shikamoo. Nimekubaliwa kusoma udaktari katika vyuo viwili. Cha kwanza ni cha zamani na jina lake linajulikana, lakini sikupata ufadhili, kwa hiyo itabidi tukope karibu ada yote. Cha pili ni kichanga, madarasa yake ni madogo, na kimenipa ufadhili wa nusu ya ada. Nyumbani wote wanasema cha kwanza, tena mjomba ameshawatangazia watu. Nilivitembelea vyote viwili na moyo ukatulia kwenye cha pili. Naogopa nitajuta, na sijui nitawaambia nini watu. Zimebaki wiki mbili nijibu. – Njia Panda*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kukubaliwa na chuo kimoja cha udaktari ni kazi kubwa, sembuse viwili.

Kabla ya kugusa ada na jina, hakikisha jambo moja: ithibati, yaani kibali rasmi kwamba chuo kinatimiza viwango vya kufundisha udaktari. Chuo kichanga kinaweza kuwa kizuri sana, lakini kama hakina ithibati kamili ya mamlaka inayohusika, usikiwaze tena. Wapigie baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanya kazi, uwaulize kama wahitimu wa chuo hicho wanasajiliwa. Usiridhike kwa kuona jina la chuo kwenye Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, maana kuorodheshwa humo si ithibati. Na kama una ndoto ya kwenda kubobea Marekani siku moja, uliza pia kama mamlaka iliyokipa ithibati inatambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba. Tangu 2024, ECFMG, taasisi ya Marekani ambayo ndiyo huwathibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, inaonyesha kama chuo cha mwombaji kina ithibati ya namna hiyo.

Likishapita hilo, uchanga wa chuo usikutishe. Chuo cha udaktari cha McMaster, Kanada, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1969, kikiwa hakina sifa yoyote ya kujivunia. Wanafunzi wale waliwekwa katika vikundi vidogo, wakapewa tatizo la mgonjwa, na kutoka hapo wakaitafuta anatomia na fiziolojia (maumbile ya mwili na jinsi unavyofanya kazi) wanayoihitaji kulielewa. Leo vyuo vya mabara yote vinafundisha kwa njia hiyo au kwa kuichanganya na mihadhara.

Mimi ningekuomba uangalie zaidi wodini kuliko kwenye lango la chuo. Fikiria raundi ya asubuhi. Daktari bingwa amesimama upande wa kulia wa mgonjwa, anamwambia avute pumzi, na vidole vyake vinalisubiri ini lishuke liguse ncha zake. Mwanafunzi aliye karibu anaambiwa, "Haya, weka mkono wako hapa." Kama mko wanne, zamu yako itafika. Kama mko ishirini, wewe wa nyuma utaona migongo ya makoti meupe na kuandika kile unachosikia, na ini la mgonjwa yule hutaligusa kamwe. Hospitali kubwa zenye sifa zina pia madaktari wanaosomea ubingwa, nao wana haki ya kushika sindano kabla yako.

Sisemi kwamba hospitali kubwa haifai. Huko utaona magonjwa adimu ambayo hospitali ndogo huyapa rufaa siku hiyohiyo, na ukitaka utafiti utapata watu wa kukuongoza. Chuo kidogo nacho kinaweza kuwa na upungufu wake: wagonjwa wachache, au idara nzima kumtegemea mhadhiri mmoja anayekuja na kuondoka. Kwa hiyo watafute wanafunzi wa miaka ya mwisho wa vyuo vyote viwili. Wale wa mwaka wa kwanza bado wamo kwenye vitabu na maabara, hawajui ya wodini. Waulize wamezalisha akina mama wangapi kwa mikono yao. Waulize mwanafunzi akifeli somo moja anafanya mtihani wa marudio au anarudia mwaka mzima, na wangapi kati ya walioanza nao wako nao bado. Majibu ya hapo yatakusaidia kuliko sifa zote anazozijua mjomba.

Sasa pesa, na hapa nisikilize vizuri. Udaktari kwa kawaida ni miaka mitano au sita, kisha mwaka mmoja au zaidi wa mafunzo ya kazi, na ubingwa ni miaka mingine juu yake. Deni la ada yote utaishi nalo muda huo wote, na mara nyingi riba inaongezeka wewe ukiwa bado darasani. Deni la namna hiyo humchagulia mtu hata fani. Unaweza kupenda kutibu watoto, ukajikuta unafuata idara inayolipa zaidi kwa sababu benki inakusubiri.

Lakini ufadhili nao una masharti. Isome barua yake mstari kwa mstari. Ni wa miaka yote au wa mwaka wa kwanza tu? Unatakiwa ubaki na alama zipi? Ukiugua na kuahirisha mwaka, utaendelea? Ada ikipanda, ile nusu itapanda pamoja nayo? Kama barua haisemi, waandikie, na majibu yao yaje kwa maandishi.

Kuhusu mjomba, usibishane naye kwa simu. Nenda ukakae naye na karatasi ya hesabu: jumla ya mkopo, riba yake, na nani atakayeweka sahihi ya udhamini. Mwambie ulichokiona ulipovitembelea vyuo. Anakupenda, ndiyo maana ametangaza. Watu aliowatangazia watauliza mara moja au mbili, kisha watarudi kwenye mambo yao. Anatomia ya mwaka wa kwanza utaisoma wewe.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa, ningekwambia hivi: ithibati ikiwa safi, masharti ya ufadhili yakiwa ya miaka yote, na wanafunzi wa mwisho wakikuambia kwamba wagonjwa wanawaona na kuwagusa, nenda chuo cha pili bila kuomba radhi kwa mtu. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, niandikie tena kabla wiki mbili hazijaisha.

Na ukishathibitisha nafasi yako, kiandikie chuo kingine siku hiyohiyo, uwashukuru na kuiachia nafasi yao. Kuna kijana kwenye orodha ya wanaosubiri ambaye anaiomba usiku na mchana.

Shangazi