Jibu: msanii mhamiaji aliyetoboa bila karatasi
Umeuliza kama kuna msanii wa maonyesho (yaani matendo yake mwenyewe ndiyo sanaa) aliyetoboa ugenini bila karatasi, yaani vibali vya kuishi. Yupo: Tehching Hsieh wa Taiwan. 1974 alikuwa baharia, akatoroka melini karibu na Philadelphia, Marekani, akaishia New York akiosha vyombo mikahawani. Mimi kilichonimaliza ni kazi yake ya 1980–81: mwaka mzima, kila saa, usiku na mchana, anagonga kadi kwenye mashine ya kurekodi saa za kazi kama kibarua wa kiwandani, kisha anajipiga picha. Alianza na kipara, kwa hiyo ukizitazama picha mfululizo unaona nywele zinashuka hadi mabegani. Kati ya mara 8,760 alikosa 133, nyingi kwa usingizi (nani amlaumu!). Karatasi alizipata 1988, kwa msamaha wa serikali.