Boga halina sukari unayoidhania

Kaka, umeuliza kwa nini kilo 5 za kimea cha shayiri na kilo 3 za boga kwa lita 20 za bia ya nyumbani hazijafika msongamano wa 1.065 (maji matupu ni 1.000, sukari ndiyo inayoupandisha). Zisingefika. Kilo moja ya kimea cheupe inatoa kama pointi 300 katika lita moja (pointi ni zile zinazozidi 1.000: 1.052 ni pointi 52), na kwa sufuria zetu za nyumbani unavuna asilimia 70 hivi ya hizo. Kwa hiyo 5 × 300 × 0.70 ni 1,050, gawa kwa 20, unapata 52.5, tuseme 52. Hiyo ni 1.052 kabla ya boga.

Boga sasa. Zaidi ya asilimia 90 ni maji. Hata ukilioka mpaka kingo zinakuwa kahawia na kunata kwenye trei, kilo 3 zinakuongezea pointi 2 tu. Tarajia 1.054, basi. Boga tunaliweka kwa ajili ya rangi, ladha na ule ulaini mdomoni.

Tena linakunyang'anya: nyama yake inakunywa maji ya kimea kama sponji. Likibaki na lita 2 nawe ukajazia maji ya bomba kurudi 20, umeshuka hadi 1.049. Mimi nalifunga kwenye kitambaa cha kuchujia, nalining'iniza juu ya sufuria lichuruzike taratibu, bila kulikamua.

Na usipime maji ya kimea yakiwa ya moto! Haidromita nyingi (vipimo vya msongamano vinavyoelea) zimesawazishwa kwa nyuzi 20. Ya moto itakusomea chini. Hapa Arusha asubuhi ya Julai, beseni la maji ya bomba linapoza sampuli upesi.