Muulize Mwalimu: Shule ya baba imepotelea wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Tulipofungua sanduku lake la bati tukakuta picha ya vijana wamevaa kaptula nyeupe, nyuma imeandikwa kwa wino: "St. Mary's Tabora, 1958". Enzi za uhai wake hakuchoka kutusimulia kwamba huko alifundishwa na Nyerere, na kwamba baadaye shule yao "ilichukuliwa". Mimi na kaka yangu tunataka kwenda kuiona, lakini kila tunayemuuliza anatutajia shule nyingine. Je, bado ipo? Na kwa nini mapadri walinyang'anywa?
*Mama wa watoto wawili, Kongwa*

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Shule ipo, tena pale pale Tabora. Ila ukishuka stesheni ukamwambia bodaboda "nipeleke St. Mary's" atakuzungusha bure, maana siku hizi akina St. Mary's wako kila mji. Mwambie Milambo. Ndiyo hiyo hiyo. Na asije akakupeleka Tabora Boys. Ile ilikuwa ya Serikali tangu enzi ya Mwingereza, na ndiko Nyerere alikosoma. Watu huzichanganya shule hizi mbili mpaka wanagombana.

Ya baba yako ilikuwa ya mapadri wa kanzu nyeupe, wale Wamisionari wa Afrika walioanzishwa na Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Nyerere alipomaliza Makerere mwaka 1945 alikuwa na nafasi ya kufundisha Tabora Boys, shule yake mwenyewe, lakini akaenda kwa mapadri, alikoitwa na Padri Richard Walsh. Akafundisha baiolojia na Kiingereza, na jioni akawa mtu wa mikutano ya TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU. Mwaka 1949 akaondoka kwenda Edinburgh.

Sasa hapo, mwanangu, hesabu zinakataa. Kijana aliyevaa kaptula mwaka 1958 hakukaa darasani mwa mtu aliyeondoka 1949. Mwaka 1958 Nyerere alikuwa Rais wa TANU, na ualimu wake wa mwisho, wa historia kule Mtakatifu Francis Pugu, alikuwa ameuacha miaka mitatu nyuma. Lakini usimwite marehemu mwongo. Sisi tuliosoma bweni tunajua "tulifundishwa na fulani" maana yake ni nini: alifundishwa aliyekuwa kiranja wa yule aliyekuwa kiranja wetu. Mimi mwenyewe huwa nasimulia goli ambalo shule yetu ilifunga kabla sijazaliwa, na nalisimulia vizuri kuliko aliyelifunga.

Kuhusu kuchukuliwa. Kisheria ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na utekelezaji ukaanza 1970. Azimio la Arusha lilikuwa limeshapita 1967, na mwaka huo huo ikatoka siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka wanafunzi wasome huku wakilima. Seminari ziliachwa, kwa kuwa zinaandaa mapadri, lakini sekondari za kawaida za makanisa zikawa za Serikali: St. Mary's ya Tabora, Pugu, Umbwe na nyingine. Aliyekuwa Rais ni Mkatoliki, mtu wa misa, aliyefundisha katika shule mbili kati ya hizo. Kwa hiyo atakayekwambia ilikuwa chuki dhidi ya Kanisa, mpe kiti akae, umuulize maswali mawili matatu.

Sababu yenyewe naijua kwa mwili wangu. Mimi ni mtoto wa Mvumi, baba yangu mzee wa kanisa, Anglikana wa kukata na shoka. Mwaka 1974 nikachaguliwa kidato cha kwanza katika shule iliyokuwa ya mapadri, siyo hiyo ya baba yako. Kitanda cha juu nililala mimi, cha chini alilala Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu, aliyeamka alfajiri kuswali kabla ya kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, kikigongwa kwa nondo saa kumi na moja na nusu. Kabla ya 1970, watoto wa aina yetu wawili wangeingia pale kwa bahati ya mtende. Misheni ilijenga shule kwa ajili ya watu wake kwanza, jambo ambalo silishangai. Lakini nchi ilikuwa na sekondari za kuhesabu, sehemu kubwa zilikuwa za makanisa, na ruzuku iliyoziendesha ilikuwa inatoka kwa walipa kodi wote, wakiwamo babu zake yule Mrangi.

Usidhani kwamba siku moja walifika askari wakabeba misalaba. Padri mmoja Mzungu alibaki akitufundisha hesabu, sasa akiwa mtumishi wa Serikali. Alikuwa akitembea na chaki mfukoni mwa kanzu, na kila akitoa leso chaki inadondoka. Sanamu ya Bikira Maria ilibaki kwenye pango lake la mawe. Njuka, yaani kidato cha kwanza, walikuwa ndio wa kupafagia mahali hapo, Mkristo na Mwislamu kwa zamu. Ubao wa jina la shule ulipakwa rangi mpya, lakini kila masika rangi ilichujuka na jina la mtakatifu likachungulia kwa chini. Mkuu wa shule akaagiza upakwe tena. Nilipomaliza kidato cha nne ulikuwa umepakwa mara tatu.

Kilichobadilika zaidi ni jembe. Wakati wa mapadri vijana walifanya kazi za mikono kwa ratiba, wengine karakana ya useremala pamoja na bruda, yaani mtawa wa kiume, wengine bustanini. Sisi tulilima hasa: mahindi ekari kwa ekari, tukirudi prepu ya usiku mikono ina malengelenge. Tulikula makande ya mahindi yetu wenyewe mpaka tukayachukia, na wali ulikuwa wa Jumapili. Kuhusu matunzo, nitasema ukweli ingawa wenzangu watanuna: mapadri walijua kutunza jengo. Kioo kilichopasuka enzi yao kilibadilishwa wiki hiyo hiyo. Enzi yetu kilizibwa kwa boksi, na boksi likadumu kuliko kioo.

Jina Milambo linatoka kwa mtemi wa Wanyamwezi, yule wa Urambo aliyepigana na Waarabu wa Tabora miaka ya 1870 na kufariki 1884. Vitabu vingi vinamwandika Mirambo. Shule imeshika Milambo. Mtafute hivyo hivyo mtandaoni.

Mkienda, nendeni na treni ya reli ya zamani kutoka Dodoma, maana ndiyo njia aliyopita baba yenu. Mtapita Kigwe, Bahi, Kintinku, kisha kichwa cha treni kitaanza kupanda polepole ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Hapo nunueni kuku. Wanafunzi wote wa reli ya kati walijua kwamba pesa ya matumizi ikivuka Saranda salama, basi mwenyewe alikuwa amelala. Mkifika shuleni pitieni kwanza ofisini, mwombe kwa adabu daftari la zamani la kupokea wanafunzi, na mtaje jina la baba kama lilivyoandikwa wakati ule, jina la ubatizo pamoja na la babu. Na hiyo picha msiibebe mkononi kwenye jua, mtaipausha. Itieni ndani ya kitabu.

Swali: Mwalimu, tunabishana hapa kijiweni Chang'ombe. Shule ya Mazengo nayo ilikuwa ya Wakatoliki?
*Mbishi, Dodoma*

Jibu: Haikuwa. Iliitwa Alliance, shule ya Waprotestanti, nayo ikapewa jina la mtemi wetu Mazengo wa Mvumi. Leo majengo hayo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Anglikana, tangu 2007. Mimi nakaa hapo jirani, Kikuyu. Aliyeshindwa anilete kilo moja ya zabibu.